Jeneza la Mwenyekiti

Niapie kwanza kwamba hili halitatoka mdomoni mwako. Na mimi niliapa vivyo hivyo, haya sikiliza.

Wakati wa korona, Mwenyekiti Shali wa mtaa wetu alipiga marufuku safari za visiwani, isipokuwa kwa wafiwa. Bi Mize, mwenye mashua, aliomba kibali akamwone bintiye aliyejifungua kisiwani, akanyimwa. Wiki ileile Mwenyekiti akamjia kwa siri: alikuwa anaoa mke wa pili kisiwani hukohuko, na wa kwanza hajui.

“Nivushe, Bi Mize.”

“Ingia jenezani, baba. Nani atafunua maiti wa korona? Wewe niandikie tu kibali cha mfiwa.”

Mwenyekiti akagonga muhuri, akajilaza jenezani na kanzu ya harusi na kikapu cha halua, akabebwa hadi pwani. Mara akasikia ndoo za maji, na wanawake wakinong'ona.

“Maiti wa nani?” iliuliza sauti ya mkewe, mwosha maiti wa mtaa.

“Mwanamke mgeni wa kisiwani, hana ndugu huku,” alijibu Bi Mize akipanda mashua, kibali mkononi. “Kaanguka tu, si korona. Mwosheni, wanangu, mimi natangulia kupeleka habari.”

Mkewe akafunua jeneza.

“Jamani,” aliwaambia watu wote pale pwani, “maiti anatafuna halua.”