"Hakuna" ya Mzee Kimutai

Wahenga hawakuwa na simu, lakini waliponena kwamba mficha maradhi kilio humfichua, walikuwa kama wanamtazama Mzee Kimutai wa Kimumu, kule Eldoret. Anayeficha linalomtafuna ndani, walisema, mwishowe siri yake itatangazwa na waombolezaji.

Mzee huyo alikuwa mwanamume wa shoka. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba zilipokuwa zikiteketea Eldoret, alimficha jirani yake Nyakio, aliyewindwa kwa sababu ya kabila lake, pamoja na wanawe katika ghala lake la mahindi. Vijana wenye mishale walipofika kuuliza kama kulikuwa na mtu ndani, alijibu bila kupepesa jicho, "Hakuna." Wakaenda zao. Nyakio alilisikia neno hilo akiwa amejibanza nyuma ya magunia, na hakulisahau kamwe.

Miaka mingi baadaye, saratani ya mapafu ilimvamia Mzee. Hospitali ilimwanzishia dawa, kisha ikamsajili katika mpango wa kuwafuatilia wagonjwa kwa simu. Kila asubuhi ujumbe uliingia: Kuna maumivu ya kifua? Pumzi inakatika? Kuna damu kwenye kikohozi? Jibu likitia shaka, muuguzi alipiga simu papo hapo. Mpango mzuri ulioje! Ila tangu siku aliyotoka jandoni, Mzee hakuwahi kukiri maumivu mbele ya mtu, sembuse mbele ya simu. Kila swali alilijibu: hakuna. Kule hospitalini wakaamini anaendelea vyema.

Asubuhi moja Nyakio, aliyekuwa amerudi Kimumu mambo yalipotulia, alimletea uji. Alimkuta kitini akihema kama mkimbiaji aliyemaliza mbio, na wala hakuwa amepiga hatua. Ujumbe ukaingia. Mzee akachukua simu, akaanza kuandika.

"Umeandika nini, Mzee?"

"Hakuna."

"Ati hakuna! Na hiyo pumzi unatafuta ni ya nani?"

"Wacha hayo, Nyakio. Mwanaume hashtaki mwili wake kwa simu."

Machozi yalimlenga Nyakio, na hasira ikampanda. "Hiyo hakuna yako naijua mimi! Niliisikia nikiwa kwa ghala na watoto wangu. Siku hiyo ulidanganya adui, tukapona. Leo unadanganya daktari. Sasa ni nani atapona?"

Mzee alilitazama lile ghala kupitia mlangoni, akamtazama Nyakio, kisha akalifuta neno lake. Akaandika: Pumzi inakatika. Kifua kinauma. Damu iko.

Uji haukuwa umepoa simu ilipolia. Alikuwa muuguzi Nelima. "Mzee, usingoje kesho. Kuja saa hii!"

Nyakio ndiye aliyempeleka. Madaktari walikuta maji yamejaa kando ya pafu, yakatolewa. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, wangempokea maiti.

Saratani haikuisha, la hasha, lakini Mzee alirudi Kimumu kwa miguu yake mwenyewe. Heko kwa waliobuni mpango ule, na heko mara mbili kwa jirani asiyeogopa kumkaripia mkubwa wake! Siku hizi ujumbe ukiingia, Mzee huita juu ya ua, "Nyakio! Kuja tushtaki!"

Aliyeyasema mwenyewe, kilio kilimpita mlangoni. Mficha maradhi, kilio humfichua.