Kiboko Apewa Ulezi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa dimbwi!
Na ndani ya dimbwi?
Pakawa tumbo!

Tumbo hilo lilikuwa la Kiboko. Mwaka ule wa ukame madimbwi yote yalikauka, likabaki moja tu, naye Kiboko akalikalia. Mnyama akija kunywa, Kiboko hufungua kinywa: "Hwaaa! Dimbwi langu!" Mnyama hukimbia na kiu yake.

Mama Pimbi, mdogo wa mwili lakini si wa akili, akaanzisha kikundi cha kudai maji. Mkutano wa kwanza wanyama walijaa, wakaimba, wakapiga makofi. Mkutano wa pili walipungua. Mkutano wa tatu alikuja Kobe peke yake, naye alikuwa anakuja kwenye ule wa kwanza.

Mama Pimbi akapita nyumba kwa nyumba.

"Shoga Kanga, mbona huji?"

"Nije vipi, mwenzangu? Vifaranga wote hawa nimwachie nani?"

"Dada Ngedere, mbona huji?"

"Nije vipi, mwenzangu? Jirani aliyenishikia huyu wangu juzi amehama."

Mama Pimbi akarudi akiwaza, wanawe wamemng'ang'ania mgongoni. Alipopita karibu na dimbwi, akasikia: "Hwaaa! We Pimbi! Nasikia mna kikundi. Nipeni cheo, la sivyo nitakikanyaga chote, chwa!"

"Tukupe uenyekiti, mzee?"

"Hakuna mkubwa kuliko mwenyekiti?"

Mama Pimbi akawatazama wanawe. "Yupo, mzee. Kila kikundi kina Mlezi."

"Basi mimi ndiye Mlezi!"

"Lakini Mlezi huapa mbele ya wote. Akishindwa kulea, anaacha kiti chake."

"Kiti changu ni dimbwi hili. Nishindwe mimi? Waite!"

Wakaitwa. Kiboko akaapa, akapigiwa makofi, akavimba mpaka maji yakamwagika ukingoni.

Asubuhi yake akaja Kanga. "Shikamoo, Mheshimiwa Mlezi. Wangu ni hawa."

Akaja Ngedere. "Shikamoo, Mheshimiwa Mlezi. Wangu ni huyu. Anauma."

Akaja Mama Pimbi. "Shikamoo, Mheshimiwa Mlezi. Wangu ni hawa. Sisi tunakwenda mkutanoni."

"Ngojeni kwanza," akasema Kiboko. "Kumbe ulezi ndio huku kulea?"

"Kwani wewe ulidhani kulea nini, mzee?"

Wakaenda zao. Chubwi! Chubwi! Watoto wakaingia majini.

"Mlezi, nina njaa!"

"Mlezi, huyu kanitemea!"

"Mlezi, nimekojoa!"

"Wapi?"

"Humu humu!"

Kiboko akakasirika, akafungua kinywa chote: "Hwaaa!"

Watoto wakaruka kwa furaha. "Tena! Tena!"

"Hwaaa!"

"Tena, Mlezi!" Na mtoto wa Ngedere akaingia kinywani kuchezea meno.

Jua halijafika utosini, Kiboko alitoka majini, pwata pwata pwata, mpaka mkutanoni, kifaranga mmoja bado amekaa kichwani.

"Nimeshindwa! Dimbwi chukueni! Mto wa mbali kabisa uko upande gani?"

Wakamwonyesha. Mama Pimbi akamteremsha kifaranga, na Kiboko akatimka. Mpaka leo hajarudi.

"Jamani!" akapiga kelele Mama Pimbi. "Maji tumepata!"

"Ngoja kwanza, shoga," akasema Kanga. "Hatujakubaliana jina la kikundi. Mimi nasema Umoja wa Wenye Kiu."

"Na mimi nasema Wenye Kiu wa Umoja," akasema Ngedere.

"Lakini maji tumeshapata!"

"Usituvuruge, Mama Pimbi. Habari za maji zitafuata baada ya jina. Na Kobe hajafika."

Mama Pimbi akawaacha, akaenda dimbwini. Akawakuta watoto wote wamelala ukingoni, matumbo yamejaa maji.

Hadithi yangu imekunywa, imejifuta mdomo, imekwenda zake.

Na funzo lake, wasikilizaji, ni hili: ukiwa na mkutano wa maana, watoto waache nyumbani. Wanachelewesha mambo.