Mwosha Aliyesema

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, na wanaume nao waitikie!
Pakawa!

Haya. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo namleta Bibi Siwatu.

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, palikuwa na kijiji chenye pande mbili. Juu, Mlimani, alikaa Jumbe na jamaa zake, na tabibu wao. Chini, Bondeni, walikaa wakulima. Tabibu hakushuka Bondeni. Hata siku moja hakushuka.

Bibi Siwatu alikuwa wa Bondeni. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Akifa mwanamke, anaitwa Siwatu. Maji chwa, chwa, chwa. Na kazi ile ilikuwa na mwiko: mwosha hasemi alichokiona. Siwatu aliona, akanyamaza. Akaona tena, akanyamaza.

Siku moja akafa Mkasi, mama wa watoto wadogo. Siwatu akaingia na maji yake, akafunua nguo. Titi la Mkasi lilikuwa gumu kama jiwe, limechimbika kidonda. Siwatu akaosha. Chwa, chwa, chwa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega.

Nje wanawake walikuwa wakinong'ona.

"Karogwa na mke mwenzake."

"Au ni titi? Nilimwona kalifunga kitambaa."

"Titi! Ugonjwa wa titi ni wa wanawake wa Mlimani, wanaokula mafuta na kulala mchana. Sisi tunalima, tunanyonyesha. Hautupati."

"Hautupati!" wakaitikia wote.

Siwatu alikuwa kasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. Alitaka kupiga kelele. Mwiko ukamzuia.

Matangani akamwona Zawena, mkwe wa jirani yake, anapepeta mchele kwa shida, mkono mmoja kaubana ubavuni.

"Zawena mwanangu, una nini hapo?"

"Si kitu, bibi. Kivimbe tu kwenye titi. Wala hakiumi. Kisichouma ni ugonjwa gani tena?"

"Nani kakwambia ni lazima kiume?"

"Kila mtu anajua, bibi. Na ugonjwa wenyewe si wa huku kwetu. Jumbe mwenyewe alisema."

Hapo moyo wa Siwatu ukawaka moto. Hakuaga mtu. Akapanda Mlimani, peku.

"Jumbe, wanawake wa Bondeni wanakufa kwa ugonjwa wa titi. Mteremshe tabibu."

Jumbe akacheka, kha, kha, kha! "Mama, wanawake wa Bondeni wana miili ya kazi. Ugonjwa huo haushuki mlima."

"Kwani nani kauzuia njiani?"

"Nenda kapumzike, mama."

Siwatu akashuka. Yeye anashuka, hasira inapanda. Akaingia matangani, akasimama katikati.

"Wanawake, nisikilizeni! Nimewaosha mama zenu. Nimewaosha dada zenu. Nimeyaona matiti yaliyooza, hapa hapa Bondeni! Ya waliolima. Ya walionyonyesha. Mengi!"

"Mwosha hasemi!" akapiga kelele Mwanaheri, shangazi yake Mkasi. "Unawavua nguo wafu!"

"Sijataja jina la mtu. Wafu nimewasitiri maisha yangu yote. Nyinyi mlio hai, nani anawasitiri? Jumbe? Jumbe anawaambia hamuugui ili tabibu wake asichafue viatu! Nanyi mnaitikia! Haya, tieni mikono vifuani. Sasa hivi. Shikeni!"

Mmoja akatia mkono. Mwingine akatia. Zawena akaanza kulia. Mwanaheri naye akatia wake, uso kaukunja kwa hasira. Mkono ukasita.

"Bibi," akasema, sauti imeshuka. "Hapa pana kitu."

Basi wakabeba michi yao ya kutwangia. Wakapanda mlima wote, wakaipiga ardhi mbele ya baraza la Jumbe. Du! Du! Du!

"Tabibu atoke!"

Du! Du! Du!

"Tumewalimia! Tumewatwangia! Atoke!"

Jumbe akafunga mlango. Tabibu akatokea kwa uani.

"Kwani Bondeni mnaugua?" akauliza. "Mimi niliambiwa hamuugui."

"Ungeuliza!" Siwatu akamfokea. "Miguu si unayo?"

Tabibu akainamisha kichwa. Siku ile ile akashuka nao.

Zawena alikatwa titi. Akaumwa, akapona, akalea wanawe na wajukuu. Mwanaheri hakuwahi, kivimbe chake kilikuwa cha siku nyingi. Kabla hajakata roho alimwita Siwatu.

"Ukiniosha, useme. Na jina langu ulitaje."

Siwatu akamwosha. Kisha akatoka nje, akapaza sauti mpaka Mlimani wakasikia:

"Mwanaheri wa Bondeni kafa kwa ugonjwa wa titi! Alilima, alinyonyesha, na tabibu alikuwa pale juu!"

Na Jumbe? Jumbe hakuomba radhi mpaka anaingia kaburini.

Basi, wanangu, mtu akikwambia ugonjwa fulani si wa watu kama nyinyi, mwulize kajuaje, na kwa faida ya nani. Na kivimbe kisichouma, usikingojee kiume.

Hadithi yangu naitua hapa. Kama imewauma, basi imefika.