Tangi la Lita Ishirini

Wivu humwaga, ujuzi hunyunyiza. Jana mlimsikia shangazi yenu Atu akimrushia maneno hayo yule mpishi aliyejaza karafuu kwenye pilau la watu ili tu ampiku mpishi mwenzake. Mkacheka, halafu mkaja kuniuliza maana yake nini na nani aliyaanzisha. Mji mzima huu mmekosa wa kumuuliza, mkaja kwangu! Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na mwenye wivu ndani yake ni huyu huyu babu yenu mnayemwona. Nawaambia mapema ili mtu asije akanikatiza katikati na mshangao wake.

Nilikuwa na gereji hapa hapa Mbeya, nyuma ya soko. Wateja nilikuwa nao wengi, ila aliyenifanya nitembee kifua mbele alikuwa mmoja, Sekela Mwambene. Mwanamke huyo alikuwa mfanyabiashara wa viazi, na kila mwezi wa kumi alishindana kwenye mbio za kupanda mlima Mbalika. Ni kilomita tisa za vumbi na kona, magari yanaondoka moja moja, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Kwa miaka sita gari lake halikuguswa na mkono wa fundi mwingine. Akifika juu, kabla hajavua kofia, alikuwa anaangaza macho kwenye umati kumtafuta fundi wake. Ananitafuta mimi! Wajukuu zangu, hata mngenipa nyumba ya ghorofa niwaachie kitu hicho, ningekataa.

Basi akaja Tuntufye, akafungua gereji ng'ambo ya barabara, tukawa tunatazamana mlango kwa mlango. Kijana mpole, haongei sana, salamu yake haikosi. Sikupata sababu ya kumchukia, nikamchukia hivyo hivyo. Gari likiingia kwake, mimi nanyanyua kichwa kuangalia ni la nani. Mke wangu akiniambia, "Tuntufye amekusalimia," chai inanishinda. Nilikuwa natafuta kosa lake kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na kosa silioni. Alikuwa anajua kazi. Hilo ndilo lilikuwa linaniuma.

Sasa sikilizeni kidogo mambo ya gari, maana bila hayo hamtaelewa. Gari la Sekela lilikuwa na tabo. Tabo inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini, na hewa ikisukumwa hivyo inapata moto. Hewa ya moto inapunguza nguvu ya gari. Kwa hiyo kuna kitu kinaitwa intakula, kinafanana na rejeta ndogo, hewa inapita humo ipoe kwanza. Sawa? Lakini pale Mbalika, kwenye jua la mwezi wa kumi, gari likipanda kona baada ya kona, intakula nayo inashika moto. Kila mwaka kilomita tatu za mwisho gari letu lilikuwa linachoka. Sekela alikuwa anakanyaga mafuta na gari linamjibu kivivu.

Mwaka huo Tuntufye alikuwa anatengeneza gari la mnunuzi mmoja wa kahawa, na akalifungia kitu cha kunyunyizia maji juu ya intakula. Hakukinunua popote, alikiunda mwenyewe kwa vitu vya kuokoteza. Siku ya kulijaribu watu walikwenda mlimani kutazama. Lilipanda mpaka juu halikuchoka. Jioni ile ile habari ilikuwa sokoni, na kesho yake asubuhi Sekela alikuwa gerejini kwangu.

"Fundi, unasikia wanavyosema kuhusu gari la ng'ambo?"

"Nasikia."

"Ni kitu gani amekifunga?"

"Maji tu. Hamna cha ajabu."

"Na sisi tunaweza kufunga?" Aliniuliza kwa upole kabisa, lakini macho yake yalikuwa yanatazama geti la Tuntufye, sio mimi. Nikajiona tayari nimeachwa.

"Dada Sekela," nikamwambia, "nitakufungia mara nne ya lile."

Ningeweza kuvuka barabara nikabisha hodi. Tuntufye angenikaribisha, angenipa na kiti. Badala yake, mtu mzima mimi, mwenye mke na watoto, nilikwenda nyuma ya uzio wake wa bati nikaweka jicho kwenye tundu la msumari. Mtu akipita najifanya nafunga kamba za viatu. Kwa jicho hilo moja niliona tangi la plastiki la lita tano. Niliona pampu ndogo, ile inayorusha maji kwenye kioo cha mbele, na mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye boneti, na swichi iliyofungwa karibu na usukani. Mwisho wa mpira sikuuona. Alipofika kufunga hapo aliinama, mgongo wake ukaniziba. Nikajisemea potelea mbali, maji ni maji.

Nikarudi kuunda la kwangu. Yeye alikuwa na lita tano, mimi nikachukua dumu la lita ishirini. Yeye pampu moja ya gari dogo, mimi nikafunga mbili za lori. Kwenye mwisho ambao sikuuona nikaweka bomba la shaba, nikalitoboa kwa drili matundu kumi na mawili, kila tundu lingepitisha punje ya mchele. Nilipobonyeza swichi pale uani, aisee, maji yalishuka kama bomba la mtaa limepasuka! Nikaacha yatiririke mpaka barabarani. Nilitaka Tuntufye ayaone.

Na kweli aliyaona. Hazikupita dakika tano nikasikia, "Hodi humu, kaka." Akaingia anafuta mikono, akainama kwenye boneti, akatazama muda mrefu. Mkononi alikuwa na kitu kidogo cha shaba. Ilikuwa nozeli, ile ncha ya bomba la mgongoni la kupulizia dawa mibuni.

"Kaka, samahani, sijaitwa," akasema. "Maji yako ni mengi mno. Yakimwagika hivi yanapita tu, hayapozi. Yanayopoza ni yale membamba kama ukungu, yanatua kwenye intakula yanakauka hapo hapo. Yakikauka yanaondoka na joto, kama jasho mwilini."

"Mh."

"Halafu chini ya intakula hapa kuna waya za plagi. Zikilowa hizi, gari litazima. Likizima kwenye mwinuko ule wa kona ya saba..." Akaninyooshea ile nozeli. "Funga hii. Ni kazi ya dakika kumi, nitakusaidia."

Nikamtazama juu mpaka chini. "Tuntufye, umeona la kwangu ni kubwa, sasa wivu umekushika. Si useme tu!"

"Wivu? Mimi, kaka?"

"Wewe. Nenda kaangalie kazi yako."

Akaiweka nozeli juu ya meza yangu, akaondoka taratibu. Nami nikaichukua nikaitupa kwenye shimo la taka pamoja na vitambaa vya oili. Msidhani sikumwelewa. Nilimwelewa neno kwa neno, na nilijua anasema kweli. Lakini nikifunga nozeli yake, Sekela akashinda kwa nozeli yake, mimi nitakuwa nani? Nililala na swali hilo na usingizi nikaupata, hebu fikirieni.

Siku ya mbio Sekela alinisogelea, kofia kwapani. "Fundi, limekaa sawa?"

"Limekaa."

"Nikibonyeza, nibonyeze bila wasiwasi?"

"Bila wasiwasi, dada."

Akacheka, akanipiga begani, akaingia kwenye gari. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale. Dirisha lilikuwa wazi, alikuwa anafunga mkanda. Sikumwambia.

Nikapanda pikipiki haraka kwa njia ya mkato, kwenda kusubiri juu ya kona ya saba kabla zamu yake haijafika. Nikasikia gari linakuja, mlio mzuri, mzito, moyo wangu ukaanza kucheza. Likatokea kwenye mwinuko. Hapo ndipo alipobonyeza. Moshi wa mvuke ukaruka kwenye boneti, maji yakamwagika chini ya gari pande zote, injini ikakohoa mara mbili, ikakata. Kimya. Gari likasimama kama limefikiri kitu, halafu likaanza kurudi nyuma.

Upande wa kulia pale kulikuwa na korongo. Niliona tairi la nyuma linaelekea huko, nikapiga kelele nisijue nasema nini. Sekela akakata usukani upande wa pili, akavuta breki ya mkono, gari likajipigiza kwenye ukingo wa udongo likatulia. Nilimfikia kabla ya wote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kwenye kifundo, uso umejaa vumbi, lakini alikuwa anaongea. Pampu zangu zilikuwa bado zinafanya kazi. Maji yalikuwa yanashuka na barabara.

"Zima maji yako," akaniambia.

Nikazima. Watu wakafika, mama mmoja akafungua khanga akamfunga mkono. Sekela hakuniondolea macho.

"Tuntufye nilimwona juzi akitoka kwako. Alikuja kufanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Nguvu ya kudanganya ilikuwa imeisha. "Alikuja kuniambia matundu ni makubwa. Alisema waya zitalowa, gari litazima hapa hapa. Alinipa nozeli nzuri."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Kwa nini?"

"Wivu, dada."

Nilisema hivyo, mbele za watu, wala hakuna aliyenilazimisha. Akatazama barabara iliyolowa, akatazama mkono wake. "Kumbe," akasema. "Mwenzako ananyunyiza, wewe unamwaga."

Hakusema zaidi. Lakini waliosimama pale walikuwa watu wa sokoni, na mnawajua. Mpaka jua linazama neno la Sekela walikuwa wameshalikatakata wakalishona upya, na mwuza nyanya ananipita analisema kama limekuwapo tangu enzi za babu zake.

Subirini, bado halijaisha. Gari lilipaswa kushushwa mjini kwa kuvutwa na kamba. Gari la kuvutwa lazima mtu akae ndani ashike usukani, na Sekela mkono hauwezi. Alikuwa ameketi mbele kwenye pikapu itakayotuvuta. Dereva akauliza, "Nani atashika usukani kule nyuma?"

"Fundi wake," Sekela akasema.

Nikaingia. Gari lisilowaka usukani wake ni mzito na breki hazishiki vizuri, kwa hiyo njia nzima nilikuwa natazama mkono wa yule dereva dirishani, akionyesha kulia nami kulia, akionyesha kushoto nami kushoto. Tukafika mtaani kwetu. Geti langu lilikuwa kushoto, liko wazi kama nilivyoliacha asubuhi. Pikapu ikapunguza mwendo. Nikamwona dereva anamgeukia Sekela kumuuliza. Nikamwona Sekela ananyanyua mkono wake mzima, anaonyesha kulia.

Kamba ikakaza. Hakukuwa na mtu mwingine kwenye usukani, ni mimi. Nikaukata kulia kwa mikono yangu miwili, nikaliingiza mwenyewe gari la Sekela kwa Tuntufye. Yeye ndiye aliyefungua geti. Hakucheka. Alisema, "Karibu kaka, taratibu, kuna jiwe hapo." Nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikamwekea ufunguo kiganjani.

Gari hilo halikurudi kwangu tena. Haya, mmeisikia kwa mwenyewe. Siku nyingine shangazi yenu akimtupia mtu maneno hayo, mcheke mkijua mnachocheka. Wivu humwaga, ujuzi hunyunyiza.