Karatasi ya Mama Aliyesema Ameshiba

Wapendwa, sogeeni kidogo walio nyuma wapate kukaa, maana nina mama mmoja nataka mumfahamu. Msigeuke kutazamana, hayumo humu. Tumwite Tupokigwe. Alikuwa mfumaji wa masweta ya shule, huko kwenye vilima vya baridi na ukungu, na mashine yake ya kufumia ilikaa barazani. Mama mchapakazi, mcheshi, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya. Na alikuwa mnene. Si ule unene wa kusifiwa harusini. Huu ulikuwa wa kuanza kuhema akifika ngazi ya tatu ya kanisa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinamsumbua. Ilikuwa njaa.

Alikaa ua mmoja na wifi yake, dada wa mume wake, na mchana walikula pamoja. Sahani zilikuwa sawa: ndizi zilezile, maharage yaleyale, parachichi moja limekatwa nusu kwa nusu. Wifi anafika robo tatu ya sahani, anaisukuma kando, anajinyoosha. "Aa, mie nimeshiba." Tupokigwe anamaliza yote, anapangusa mchuzi, na njaa iko palepale, haijasogea hata hatua moja. Tumbo limejaa, analisikia lilivyo zito, lakini njaa haijapata habari. Je, umewahi kuwa na njaa huku tumbo limejaa? Kama hujawahi, ndugu yangu, mshukuru Mungu, halafu unyamaze.

Basi hakuweza kutulia. Anainuka, anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Anakaa kwenye mashine, anafuma mistari kumi, anainuka tena. Anafunua sufuria, anafunika. Anazunguka ua, anapanga kuni, anarudi kwenye sufuria ileile. Mara ya tatu anachukua kipande cha ndizi, anakimeza akiwa amesimama, uso ameuelekeza ukutani. Mara ngapi sisi tumemwona mtu akila hivyo, tukasema, "Ona tamaa ile"?

Na wifi alikuwa na ulimi. "Wifi, sufuria haina miguu, haitakimbia!" Watu wanacheka. Tupokigwe naye anacheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana asipocheka watajua ameumia. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya, akina mama walipika wali. Mwenyekiti wao akasema, "Tupokigwe apakue mwisho, tusije tukakosa." Akapakua mwisho. Kijiko kimoja. Akasema kinamtosha.

Akafunga siku tatu kwa maji matupu, akiomba aondolewe pepo wa ulafi. Siku ya nne alikula, njaa ikarudi kwa nguvu kuliko alivyoiacha. Akaamini kwamba hata maombi yake yana kasoro.

Mwaka huohuo madaktari wachache kutoka chuo cha udaktari wakaja kwenye zahanati ya pale. Walitaka kujua kwa nini watu wengine hushiba upesi na wengine hawashibi, na kama jibu limo ndani ya damu. Wakaomba wanene na wembamba wajitolee. Tupokigwe akajiandikisha. Wifi naye akajiandikisha, akasema anamsindikiza.

Wakafika asubuhi bila kula kitu. Wakatolewa damu. Kisha kila mmoja akapewa chapati mbili, yai na kikombe cha uji, vimepimwa sawasawa. Baada ya nusu saa wakatolewa damu tena, na baada ya saa moja, na baada ya saa mbili. Na kila mara walipewa karatasi yenye mstari mmoja mrefu. Mwanzo wa mstari paliandikwa "nina njaa sana". Mwisho paliandikwa "nimeshiba kabisa". Kazi yako ni kuweka alama mahali ulipo.

Baada ya kula, wifi akaweka alama yake karibu na mwisho, bila kufikiri.

Tupokigwe akashika kalamu. Alijua alama yake inakaa wapi. Ilikaa huku mwanzoni kabisa, karibu na njaa. Akaishusha kalamu. Hapo akaona macho ya wifi yanateleza kuja kwenye karatasi yake. Mkono ukasogea. Ukapita robo, ukapita nusu, ukafika mwisho wa mstari, ukaweka alama.

"Heh! Kumbe hata wewe hushiba," wifi akasema. Karatasi zilizofuata nazo akaziandika vivyo hivyo.

Akarudi nyumbani, na amani ikamtoka. Siku nne alifuma na kufumua. Sweta moja lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alikuwa amepata nafasi moja maishani ya kuulizwa swali lile na mtu asiyecheka, naye akajibu uongo. Siku ya tano, kabla madaktari hawajafunga mizigo yao, akashuka kilima kwa miguu, jasho linamtoka, akamkuta daktari wa kike aliyempima.

"Daktari, karatasi zangu zile zichane."

"Kwa nini, mama?"

"Niliandika nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Sijashiba tangu nizae mtoto wangu wa pili."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamvutia kiti, akalitafuta faili lake.

"Mama, nikueleze damu yako inasemaje. Mafuta ya mwilini hayakai bure. Yanatoa homoni, nayo inapita kwenye damu mpaka kwenye ubongo, kuuambia kwamba akiba ipo, punguza kula. Kwako homoni hiyo ni nyingi, mara nne ya ile tuliyoikuta kwa wembamba. Lakini ubongo wako haupokei tena ujumbe ule. Na utumbo nao, mtu akila, hutoa homoni zake za kusema inatosha. Kwako zilipanda kidogo, zikashuka mapema. Nilipoona umeandika umeshiba, nilishangaa."

"Kwa hiyo sina pepo?"

"Huna."

"Wala si mlafi?"

"Una njaa, mama. Njaa ya kweli. Sisemi ule bila mpaka. Moyo wako na magoti yako vinahitaji msaada, na msaada upo, ingawa si wa siku moja. Lakini vita unayopigana, wenzako hawaijui."

Tupokigwe akalia. Akalia kama mtu aliyeshtakiwa miaka kumi, na leo ndipo shahidi wake wa kwanza amefungua mdomo.

Daktari akamngoja anyamaze. Kisha akamwuliza, taratibu, "Nisaidie jambo moja. Wanene wengi wa hapa wameweka alama palepale ulipoweka wewe, mwishoni. Kwingine tulikopita haikuwa hivyo. Na aliyerudi kutuambia ukweli ni wewe peke yako. Hapa kwenu, mama, watu wanaogopa nini?"

Tupokigwe akainamisha kichwa. Akaaga, akapanda kilima.

Alipofika nyumbani alimweleza wifi yake yote, hata habari ya alama. Wifi akasema, "Mimi nilidhani unafanya makusudi." Ndilo neno pekee alilopata. Tupokigwe hajawa mwembamba, wapendwa. Anakwenda kwenye matibabu, wiki nyingine anaweza, wiki nyingine anashindwa. Ila siku hizi akiulizwa, anajibu kweli.

Sasa lile swali la daktari halijajibiwa. Mnamtazama nani? Limeletwa kwetu! Alipoinamisha kichwa, alikuwa anakataa kuwataja watu. Angemtaja nani? Pepo? Hapana. Angetaja kwaya. Angetaja jirani, angetaja wifi, angetaja kicheko chetu sisi watu wa sala.

Tumejenga mahali gani hapa, ambapo mwenye njaa huandika kwamba ameshiba? Mama aliyepigwa alfajiri, ikifika saa nne anaimba pambio, anapiga makofi. Mzee ambaye imani imemkauka ndani anapewa sala ya kufungua, naye anaisali. Kijana asiyelala kwa mawazo anasema yuko salama. Halafu tunakaa vikao kuuliza mbona watu hawaponi! Wataponaje? Daktari gani hutibu jibu la uongo? Nasi ndio tuliowafundisha kulitoa, tukawafundisha kwa kucheka tu.

Msikimbilie kuniambia kwamba mnawaombea. Waombeeni, ndiyo. Lakini leo mkitoka, mwulize mmoja hali yake, na akijibu "sijambo", usiondoke upesi. Simama pale. Mpe muda. Asiposema, usimlazimishe. Na akikuambia ukweli, ndugu yangu, dada yangu, usiupeleke kwa jirani. Ufe nao.