Kishungi na Asili ya Kupata

Hapo zamani, majirani walipokuwa bado wakijuana kwa harufu za vyungu vyao, palikuwa na Sultani Feruzi katika mji wa Kirinjani, na ubavuni mwa ukuta wake palikuwa na kibanda cha fukara mmoja, jina lake Kishungi. Sultani akikitamani kiwanja kile ajenge zizi la farasi, ila akiona haya kumfukuza mtu hivi hivi.

Basi siku moja wanavyuoni wakashindana barazani juu ya asili ya kupata. Wa kwanza akasema ni kuwinda, kwani watu wa kale walipata kwa mkuki. Wa pili akasema la, ni jembe na jasho. Wa tatu, ambaye nyumbani kwake hata paka alikonda, akasema kupata ni kupokonya. Kila apataye, yuko aliyepoteza.

Kishungi, aliyefuata kahawa ya bure, akaguna. "Mbona mimi naipata kahawa hii kila asubuhi, na sijaona anayelia?"

Watu wakacheka. Sultani akaona mlango umefunguka.

"Vema. Kesho alasiri niletee ulichokipata bila kuwinda, kutokwa jasho, kununua, kuomba wala kupokonya, na asiwepo aliyepoteza. Ukishindwa, kibanda chako ni zizi langu."

Kishungi akarudi kwake. Asubuhi akaitwaa sahani yao, akaifunika kawa, akampa mkewe. "Ipeleke kwa wanawake wa jumba. Sema, salamu za jirani. Usiongeze neno."

Bi Mize akafunua. "Tupu? Mume wangu, umechoka kulala ndani, sasa wataka na aibu juu?"

"Wewe nenda tu."

Akaenda uso chini. Na desturi ya Kirinjani, sahani ya jirani haifunuliwi mbele ya aliyeileta, wala hairudishwi tupu. Ikapokewa, ikaingizwa ndani, ikarudi nzito.

Alasiri Kishungi akaiweka barazani, akaondoa kawa. Haluwa ikametameta.

"Hii ya jikoni kwangu," akasema Sultani. "Uliomba."

"Maulana, mke wangu alileta salamu. Aulizwe aliyepokea."

Nyuma ya pazia Mwana Aziza, mke wa Sultani, akajibu, "Salamu tu. Sahani niliiona tupu, nikajua jirani yangu hana kitu. Ningeirudishaje vile?"

"Basi aliyepoteza ni mimi," akasema Sultani.

Kishungi akainamisha kichwa. "Maulana akisema amepoteza, kibanda na akichukue. Na hawa mabwana wakitoka hapa, wahadithie mjini kwamba Sultani Feruzi ameiita haluwa ya jirani hasara."

"Wasihangaike," akasema Mwana Aziza. "Nitahadithia mimi, na nitaanza leo na shangazi zake Maulana."

Sultani akawatazama wanavyuoni, nao wakatazama viatu vyao. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikamtoka hata kilemba kikaenda upande.

"Sikupoteza kitu. Kibanda ni chako, Kishungi, na cha wanao baada yako."

Akanyoosha mkono kwenye haluwa. Kishungi akaivuta sahani taratibu.

"Maulana, huko ni kupokonya."

Sultani akaurudisha mkono mtupu, akakohoa. Kisha mbele ya watu wote, kwa sauti ndogo ambayo Kirinjani haikuisikia kabla wala baada, akasema, "Naomba kipande, jirani."