Kamba ya Duara la Nne

"Aliyeitika na avute kamba." Mmelisikia neno hili asubuhi kwa mtu wa winchi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza lilitoka wapi. Basi acheni kucheka. Lina mwanzo wake, na siku lilipoanza nilikuwapo.

Duara ni shimo la wima tunaloshukia kufuata mwamba. Hili la nne hapa Itumbili lina kina cha mita sitini. Mwaka ule tulifunga kipimo cha hewa kule chini, waya wake ukapanda hadi kwenye kompyuta ndogo kibandani, karibu na winchi inayotushusha na kutupandisha. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu moja iliyosikiliza kipimo hicho kutwa. Hewa ikiharibika, inapiga honi, nasi tunatoa watu.

Aliyetufungia ni Mbuke, binti wa hapa hapa. Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza programu aliyoipa jina la Mpagazi. Mpagazi hana picha wala vitufe. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi, naye anakwenda kukuletea programu unayoitaka na kukuwekea. Mara nyingi anaileta ikiwa bado ni maandishi ya watu, kwa hiyo anahitaji fundi aliyemo ndani ya kompyuta, aitwaye kompaila, ayageuze maandishi yale yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Kabla ya kuanza, Mpagazi anamwita kompaila kwa jina. Akijibiwa, anaandika "yupo" na kazi inaendelea. Mbuke alinieleza hayo mara tatu, mimi niliyeishia darasa la tano, mpaka nikaelewa. Machimbo mengi yalimtumia Mpagazi, na kikiharibika kitu, lawama zilimfuata Mbuke.

Siku hiyo alikuja saa nne asubuhi na programu mpya ya honi kwenye diski ndogo ya mfukoni, ili Mpagazi aichukue humo na kuiweka. Chini kulikuwa na watu watano, akiwemo Luhende, mdogo wake wa tumbo moja. Mvua ilikuwa imejaza maji shimoni, wakashusha pampu ya petroli. Injini ya petroli haishushwi shimoni. Sumu ya moshi wake haina harufu, na inaua. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu honi ilikuwapo.

Mbuke akaandika amri. Mpagazi akamwita kompaila, likaja jibu: jina, na toleo lake. Mpagazi akaandika "yupo", akafuta programu ya zamani, akaanza kujenga mpya. Nikamtania Mbuke kwamba mashine yake ina adabu kuliko vijana wangu, maana wao huitwa mpaka sauti inanikauka. Akacheka. Kisha tukangoja. Neno "inajenga" likakaa pale pale kwenye kioo. Dakika tano. Dakika kumi. Taa ya kijani, ile inayowaka kipimo kikiwa kinasikilizwa, ilikuwa imezimika.

"Mjomba," akasema polepole, "sasa hivi hakuna anayesikiliza hewa."

Mbuke alitoka mbio hadi mdomoni mwa duara, akainama, akamwita mdogo wake. Kutoka chini ikapanda sauti nzito, ya mbali. "Tupo."

Akanigeukia. "Wapo, Mjomba. Wapo salama."

Mimi sikutulia. Njia za duara letu na za duara la tano zilikuwa zimetobokeana mwezi uliopita, na sauti hupita humo kama maji. Ndiyo maana tulikuwa tumeteremsha kamba nyembamba mpaka pale watu wanapochimba. Niliishika, nikapaza sauti.

"Aliyeitika na avute kamba."

Kamba haikutikisika. Nikarudia. Sauti ikajibu, sasa kwa hasira: "Si nimesema tupo? Mnataka nini tena?" Na kamba imelala tu mkononi mwangu, nyepesi.

"Huyo ni Sitta wa duara la tano," nikamwambia Mbuke. "Wetu hawajajibu."

Hakulia. Aliuliza tu tufanye nini. Nilimwambia awashe kompresa, mashine inayosukuma hewa ya kuchorongea mawe, nikauchukua mpira wake wa hewa, wenzangu wawili wa winchi wakanifunga kiunoni na kunishusha. Mpira ulinipuliza usoni njia nzima. Sijawahi kuogopa vile. Kila mita niliihesabu kuwa ya mwisho. Nilipofika nilizima pampu kwanza. Luhende alikuwa ameegemea mwamba, macho wazi, ananitazama kama hanijui. Wengine walikuwa wamelala. Niliwapulizia mmoja mmoja, nikawafunga, wakapandishwa. Wote watano walitoka wakiwa hai. Luhende alitapika mpaka jioni. Kashinje, mmoja wa wale watano, alikaa mwezi mzima akiyasahau majina ya watoto wake.

Kesho yake Mbuke alirudi kibandani. Neno "inajenga" bado lilikuwa pale. Alichimbua hadi akapata. Aliyejibu hakuwa kompaila. Mtu aliyetuuzia ile kompyuta aliacha humo kiprogramu kidogo chenye jina la kompaila. Kazi yake ilikuwa kulitaja jina hilo tu. Ukikipa kazi, kinangoja kompaila mwenyewe aletwe kwa mtandao, na mtandao Itumbili haufiki.

"Mpagazi aliita, akajibiwa, akaridhika," Mbuke akasema. "Sawasawa na mimi pale mdomoni mwa duara."

"Basi mpe na yeye kamba," nikamwambia.

Akampa. Tangu siku hiyo Mpagazi hafuti kitu mpaka amempa kompaila kazi ndogo: mistari miwili ya kujumlisha mbili na tatu. Ikirudi tano, yupo. Kisiporudi kitu, hayupo, hata kama jina limetajwa kwa sauti tamu namna gani. Juu ya mistari hiyo Mbuke aliyaandika maneno yangu, ili kila atakayemtunza Mpagazi baada yake ayasome. Mafundi wenzake wakayachukua, wakaanza kuyasema, yakatembea machimbo hadi machimbo.

Mimi hayanifurahishi. Nikiyasikia naikumbuka ile pampu niliyoiona ikishuka nikanyamaza.

Sasa mnaniitikia wote kwa pamoja kwamba mmeelewa. Kesho asubuhi mnashuka, na mimi nitakuwa juu. Aliyeitika na avute kamba.